Ng'ombe Uliowaficha Ndhiwa

Baba Atieno wangu,

Ni wiki ya tatu tangu nivue aproni ya jikoni pale shuleni, na bado saa nne ikifika mikono yangu inatafuta mwiko. Kiinua mgongo wamenipa, kidogo, cha kuziba paa na kubaki na nauli. Kisha nakaa. Mchana wa mtu aliyestaafu ni mrefu, wewe hukufika huku ukaujua. Nafumba macho hapa barazani Migori, naota jua miguuni, na polepole narudi kwenye mkeka wetu wa Jumapili.

Tumetoka kanisani, tumekula, Atieno amelala katikati yetu, nawe unaanza kuwatembeza ng'ombe. "Sasa yule wa majivu anateremka mtoni," unasema, macho umeyafumba. "Ile pembe yake iliyoinama imegusa maji. Mwekundu wa baka begani amebaki nyuma, anapenda nyasi za kando ya miwa." Nami nawafuata. Nasikia kwato kwenye tope, nasikia harufu ya maziwa, hadi usingizi unanichukua nikiwa katikati yao.

"Hiyo ndiyo pensheni yetu, Mama Atieno. Inakula nyasi yenyewe na haina fomu ya kujaza."

Nilikutania, lakini mimi Mkuria ningemchekaje ng'ombe? Ila kwetu ng'ombe yuko uani, unamwona ukinywa chai. Nyinyi Wajaluo wenu wako kwa watu. Uliendesha lori la miwa, na kila msimu ulipoenda vizuri ulinunua mtamba ukampeleka kwa rafiki huko Ndhiwa amfuge. Yeye anakamua maziwa, na baada ya muda anapata ndama wake. Pidho, ndivyo ulivyouita mtindo huo. Hakuna karatasi, ni neno lako na neno lake tu. Nilikuuliza mara ngapi, wako kwa nani? Ukacheka.

"Wewe mdomo wako hauna mlango. Ndugu zangu wakijua, hao ng'ombe wataishia kwenye matanga kabla hatujazeeka."

Nilinuna siku mbili nzima. Lakini ni kweli, mdomo ninao.

Tulisema tukistaafu tutawakusanya wote, tujenge kwenu Magunga, tuuze maziwa, tuzeeke tukigombana juu ya chumvi. Halafu moyo wako ukasimama kando ya lori, chai ikiwa mkononi. Kwenye matanga yako nilikuwa natazama lango kila siku, nikingoja mtu aingie aseme, "Mama, nina ng'ombe wa marehemu." Hakuna aliyeingia. Miaka sita imepita hivyo. Nikaamini wameliwa, na nilikukasirikia sana. Nilisonga ugali wa watoto wa shule huku nikikutukana kimoyomoyo, Mungu anisamehe.

Juzijuzi nikasema, sasa mshahara umekwisha, na nguvu za kubeba sufuria zimekwisha pia. Nikavaa gauni la kanisani nikaenda Ndhiwa, nikapiga hodi kwenye maboma niliyojua ulikuwa ukipakia miwa. Wa kwanza alisema hajawahi kumjua dereva yeyote. Wa pili alinipa chai, akasema ng'ombe alikufa kwa ugonjwa kitambo, na hakunitazama usoni. Boma la tatu nilimkuta mama mmoja mjane, amenizidi umri, anaanika mtama. Nilijieleza kwa Kijaluo changu kile unachokijua. Alinisikiliza, akanionea huruma, akageukia Kiswahili.

"Ng'ombe wa rangi gani?"

Majina ya watu hukunipa, Baba Atieno, lakini rangi ulinipa kila Jumapili. Nikafumba macho. Wa majivu, nikamwambia. Pembe moja imeinama. Anapenda mto.

Mama akaacha mtama wake. "Huyo alizeeka, alikufa. Watoto wake ni hao." Walikuwa watatu, wote wa majivu, wanatafuna bila haraka. "Bwanako alisema likimpata jambo nisiwalete matangani, wataliwa. Alisema mke wake atakuja mwenyewe, na atawajua kwa rangi."

Niliketi palepale chini, gauni na mavi ya ng'ombe, nikalia. Nilifurahi, kwa nini nikufiche. Nitakula uzeeni. Lakini pia iliniuma. Miaka sita mama nisiyemjua alikuwa na habari za uzee wangu, na mimi niliyelala ubavuni mwako sikuwa nazo. Ulinilinda, najua. Ungeniamini ningekushukuru zaidi. Na wale wengine, yule mwekundu wa baka, nitamtafuta kwa nani?

Wawili tuliwapeleka sokoni. Pesa yao nimeiweka sacco, kwa jina langu, naiacha ikae iongezeke. Wa tatu ana mimba, nikarudi kwa mama kumwomba abaki naye vile mlivyokubaliana. Akakubali, kisha akaniuliza, "Na wewe likikupata jambo, nani atakuja?"

Nikampigia Atieno simu palepale, katikati ya boma, kwa ile sauti yangu uliyokuwa ukiilalamikia. Nikamtajia jina la mama, njia ya kufika kutoka sokoni, ng'ombe, mimba, sacco, yote. Majirani wakasimama kusikiliza, nikawaacha wasikilize. Atieno akasema, "Mama, pole pole, naandika." Alipomaliza nikampa mama simu wajuane. Walizungumza Kijaluo, mengine sikuyaelewa, walicheka mahali fulani, na sikuwakatiza hadi salio langu likaisha.

Pumzika, mume wangu. Hasira imebaki kidogo tu.

Mke wako,
Mama Atieno