Kiini cha Yai la Justa

Igombe, Ilemela
Jumatatu asubuhi

Dada yangu Dorcas,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya kuku mia na ishirini wanaoishi nyuma ya nyumba yangu, natangaza kwamba kiini cha yai la wifi yako Justa, kwa haki yake, ni cha rangi ya chungwa. Tangazo limekwisha. Habari za Sengerema? Goti linasemaje, na shemeji amekubali kwenda hospitali au bado anajitibu kwa kununa? Huku sote ni wazima, isipokuwa mimi.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu Justa anaijua kuliko mimi.

Unajua tulivyogawana: kuku sitini wangu, sitini wake, wavu katikati ya banda, kila mtu na pipa lake la chakula. Lilikuwa wazo langu. Nilitaka aone mtu anayesoma vitabu anavyofuga.

Mwaka jana, kama ulivyosikia ukacheka, niliwapa wangu mashudu ya pamba. Nilijiambia, ng'ombe wa baba waliyala kiangazi kizima wakang'aa, kuku ni nani ayakatae? Hawakuyakataa. Ila Minaz, yule mama wa Kirumba anayeoka keki za sherehe, alitoa yai langu lililokaa wiki kwenye friji yake, akalipasua kwenye kisosi mbele yangu. Kiini kilikuwa kijani kama maji ya bwawa. Akaniuliza kwa upole kama kuku wangu wanalala ziwani. Tangu siku hiyo akawa ananunua kwa Justa tu.

Justa hajafungua kitabu cha kuku hata kimoja. Lakini Minaz hutengeneza pia pilipili ya chupa, na makapi yanayobaki baada ya kukamua pilipili na karoti yalikuwa yanatupwa. Justa akayaomba, akayaanika juu ya mawe, akayasaga, akachanganya kidogo kidogo na pumba. Nilimwonya kwamba atawaunguza wale ndege midomo. Akasema kuku hasikii ukali wa pilipili, na kama nina shaka nikawaulize mwenyewe, si nyumba nzima inajua naongea nao.

Baada ya wiki mbili viini vikawa kama papai. Minaz akawa anampasulia kila mpita njia aone. Nikaenda kumwomba makapi na mimi. Akasema yote ni ya Justa, nikamwombe mke wangu. Sikumwomba. Jirani yetu Shimba naye akaanza kunisalimia kwa sauti, eti hujambo, mume wa Mama Mayai. Dada, nina miaka hamsini na mbili. Nina jina.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita Minaz alirudisha trei nne za Justa. Kijani, zote. Justa hakulia, aligeuza ndoo akaikalia. Aliniuliza kama bado nina yale mashudu. Nikasema masalia nilimpa Shimba, ng'ombe wake wakala. Akampigia Minaz palepale, akamwomba asihangaike, ajaribu mayai ya mume wake.

Minaz akapasua langu. Rangi ya chungwa! Nilikuwa nimeanza kuona mabadiliko hayo, nikayapa jina la kitaalamu na kuyaandika kwenye daftari. Kumbe mwezi mzima, kila nilipokwenda mazoezi ya kwaya, Justa alikuwa anatia konzi ya makapi kwenye pipa langu. Alisema alichoka kuniona nikijificha nyuma ya choo, napasua mayai yangu na kuyatazama kimya.

Kisha akahitimisha, kwa akili yake safi, kwamba kama makapi ni yaleyale na mayai yangu hayana shida, basi kuku wake wana ugonjwa. Amekwisha kubaliana na muuza supu. Jumamosi anawachukua wote sitini.

Hawana ugonjwa, dada. Ng'ombe wa Shimba hawajayaona yale mashudu hata kwa mbali. Kopo moja kila asubuhi, kwenye pipa la Justa, yeye akiwa bombani. Siku kumi na sita. Nilizihesabu, na mtu hahesabu jambo alilolifanya kwa bahati mbaya. Wakiacha kuyala, viini vitarudi vyenyewe; naijua hali hiyo, nilishaipitia. Mara tatu nimefungua mdomo nimwambie, mara tatu nikamwuliza kama chai iko tayari. Sasa tunakunywa chai nyingi sana.

Njoo Ijumaa. Daraja lipo siku hizi, huna tena kisingizio cha kivuko. Ukae kati yetu nikiwa namwambia. Akinipiga, usiharakishe kuamua. Akinyamaza, amua upesi.

Msalimie shemeji, mwambie namwombea asinune. Watoto wape pole kwa kuwa na mjomba wa namna hii.

Mimi mdogo wako,
Nkwabi

Nimesahau jambo. Juzi nilimpelekea Minaz trei, akanikaribisha jikoni kwa mara ya kwanza. Keki anazotilia mayai yetu ni za chokoleti.