Marahaba Niliyomnyima Bibi

Goba, Jumatano tarehe 12. Asubuhi mawingu na manyunyu, kisha jua.

Mama yangu mpendwa,

Naandika kwa kuwa kwenye simu hunisikii vizuri. Goti limepoa, au baridi ya Njombe bado inalisumbua? Viazi mmeshapalilia? Mie mwili ni mzima. Majirani wa huku nawajua kwa milio ya mageti yao tu. Dada Neema, mwenye nyumba, huondoka alfajiri kukwepa foleni. Mchana kutwa tunabaki wawili, mimi na mama yake ninayemuuguza. Namwita Bibi.

Nilikuambia kwamba Bibi anasahau. Sasa amerudi utotoni kabisa. Jumamosi nilipoingia chumbani kwake na uji, aliinamisha kichwa akasema, "Shikamoo, mama."

Mtu wa miaka themanini na kitu, kuniamkia mimi! Nikamwambia, "Hapana Bibi, mie ni mjukuu wako. Shikamoo."

Midomo ikamtetemeka, akageukia ukutani. Uji ukapoa. Vidonge vya presha navyo vikabaki, maana havimezwi tumbo tupu. Jumapili hivyo hivyo, Jumatatu hivyo hivyo. Nilipombembeleza ale japo vijiko viwili, alinong'ona, "Mama amenuna." Sikuelewa. Dada Neema akasema asipokula hadi Jumatano atalazwa. Nikaogopa, kwa sababu mara ya mwisho alipolazwa alirudi hamjui hata huyo Neema.

Jana tukampeleka kliniki. Muuguzi, mama mmoja mcheshi, aliomba daftari langu ninamoandika kila kitu na saa yake. Akasoma kwa sauti: "Saa moja na dakika kumi. Ameniamkia. Nimemrekebisha. Hajala." Akafunua ukurasa, yaleyale. Akacheka.

"Wee binti, dawa umeiandika mwenyewe halafu humpi! Ulipokuwa mdogo, ukimwamkia mama yako asiitikie, ulikuwa unakulaga?"

"Nilikuwa nalia kwanza."

"Haya, sasa mwenzio afanyeje? Usimvute aje ulipo wewe. Mfuate aliko."

Leo asubuhi aliniamkia tena. Ulimi ulikuwa mzito, Mama. Niliona kama umesimama nyuma yangu na mwiko. Nikasema, "Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

Akakishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka mwisho. Kisha akasema, "Chungu alikivunja kaka Elinami, sio mie."

"Najua, mwanangu."

"Na uji wako hauna sukari."

Vidonge akameza. Nimeandika: saa moja na dakika ishirini na tano, amekula chote. Lakini sikuandika kwamba nilikwenda jikoni nikalia. Kwa siku tano naitwa mama, na jina langu hakuna anayelitaja. Dada Neema amenikataza kumwamkia, eti namzeesha, na wageni hawaji. Tangu nifike Goba, Bibi ndiye pekee niliyekuwa namwamkia. Sasa naye sina.

Nisalimie shangazi wa duka la mafuta ya taa, na baba mdogo, mwambie koti lake bado ninalo. Mdogo wangu Tumaini, anayekusomea barua hii, asome polepole. Akifika mstari unaofuata asimame, akusubiri uitikie kwa sauti.

Shikamoo, Mama.

Mwanao,
Zawadi

Nazima taa, saa tatu na nusu.