Mama Zawadi, Wewe Uliulizwa

Mpendwa Mama Zawadi,

Nilianza kukuonea wivu mwaka ule ulipoanza kusoma dini, na hata leo, wewe ukiwa umelala pale juu nyuma ya kanisa, haujanitoka. Sikukwambia ulipokuwa hai. Ungecheka, halafu ungenihurumia, na huruma ndiyo nisingeiweza.

Mimi nilizaliwa Mkatoliki. Nilibatizwa nikiwa mchanga, kwa Kilatini, nikaulizwa maswali ambayo mtu mzima aliyenibeba ndiye aliyenijibia. Dini niliijua kama njia ya kwenda mtoni: nilipita tu, siitazami. Nilipokuoa kwa mila za kwenu nikazuiwa komunyo, na kila Jumapili nikawa nabaki kwenye benchi wenzangu wakienda mbele. Nikakuomba nawe ujiunge ili ndoa yetu ibarikiwe. Unakumbuka ulivyonijibu? "Baba Zawadi, siwezi kuingia nyumba ya watu kwa sababu tu mume wangu amechoka kukaa nje." Nilikuomba tena na tena, miaka ikapita, jibu likawa lilelile.

Kisha mtoto wetu wa pili akafariki, hata kutambaa bado. Ulikaa ndani, maharage yakamezwa na majani. Mama Paskalina, yule jirani yetu mjane, akawa anakuja kukupalilia. Hata zile siku za shamba la kijiji, ambazo balozi wa nyumba kumi alikuwa mkali kwa wachelewaji, alipita kwako kwanza na ukungu bado umelala chini. Hakukutajia Mungu hata mara moja. Maharage yalipotoa maua ukatoka nje, ukashika jembe karibu naye, nikakusikia ukimwuliza, "Ninyi mnafundishwa wapi mambo yenu?"

Nilikuwa mlangoni nachonga mpini. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nikauchonga ule mpini kwa hasira. Mimi nilisema miaka yote hiyo ukakataa, na mwanamke asiyesema kitu amekupata.

Ukaanza ukatekumeni, mafunzo ya wanaojiandaa kubatizwa. Kila Jumamosi mchana ulishuka shuleni kwa Katekista Benedikto, ambaye ndiye pia aliyewafundisha kisomo cha watu wazima, kwa hiyo kusoma na kusali ulivipata kwa mtu mmoja. Ulirudi na mashavu yaliyopauka kwa baridi na maneno mapya mdomoni. Siku moja unakoroga makande, ukaacha mwiko ndani ya chungu, ukaniuliza, "Hivi Yesu alipolia kwa ajili ya rafiki yake aliyekufa, wewe hukushangaa?"

Nikasema ndiyo, nilishangaa. Haikuwa kweli. Habari ile niliisikia tangu utotoni na haikuwahi kunigusa popote. Wewe uliisikia Jumamosi moja tu, ukashindwa kula.

Nikajiambia labda ni huyo katekista. Mwanamume akiona mkewe anang'aa akitoka mahali, huwaza mengi. Nikashuka kumwona. Nikamkuta mzee mwenye kikohozi, amejifunga blanketi, anaandika ubaoni kwa chaki ndogo hata haishikiki. Siye yeye niliyekuwa nikimwonea wivu. Nilisimama mlangoni nikiwatazama mlivyoketi kwenye madawati ya watoto, magoti yamebana, ninyi watu wazima mnaulizwa mnachofikiri kuhusu Mungu, na kila mmoja anajibu la kwake.

"Umefuata nini, Baba Zawadi?" akaniuliza.

"Nataka nikae nisome."

"Wewe si umeshabatizwa?"

"Nimebatizwa, Mwalimu. Lakini sikuulizwa."

Alikohoa, akajivutia blanketi. "Kaa nyuma," akasema. "Na usiwajibie wenzio."

Hukugeuka. Lakini nilikuona ukitabasamu kwa upande, na nilikaa pale nyuma Jumamosi zote zilizobaki.

Baba yako alipopata habari alipanda kutoka kwenu Mlola. Ukamwamkia shikamoo, akachelewa kuitikia. Yeye ndiye aliyekuwa akitunza matambiko ya ukoo, na wewe ndiwe uliyekuwa mwanawe wa kwanza.

"Nani amekutuma?" akakuuliza.

"Sikutumwa, baba. Nimeenda mwenyewe."

Akanigeukia mimi. "Mghosi, mwanamume wewe, umenichukulia mwanangu mara mbili."

Nilitaka kumwambia mara ya pili si mimi, kwamba hapo tulikuwa upande mmoja, yeye na mimi, wanaume wawili tunaotazama mgongo wako ukienda zako. Aliondoka bila kula, na ulilia ukiwa umeinamia mafiga. Nikadhani utaacha. Jumamosi ukajifunga kanga ukashuka.

Nilimwomba padre nikusimamie siku ya ubatizo. Akanijibu kwa upole kwamba mume hamsimamii mkewe, ndiyo kanuni. Akakusimamia nani? Mama Paskalina, bila shaka. Mkono wake begani kwako, mimi nikiwa benchi la tatu na Zawadi magotini.

Ilikuwa Pasaka asubuhi, kanisa letu la mabanzi limejaa. Padre akakuuliza jina. Nilikuwa nimekusihi uchukue la mama yangu, Agnesi. Ukasema, "Veronika." Akakuuliza unaomba nini kwa Kanisa. Ukasema, "Imani," kwa sauti ya kawaida, kama mtu aombaye maji ya kunywa. Ulipoinama, maji yakakushuka shingoni, na ulipoinuka uso wako sikuujua. Ndoa yetu ikabarikiwa palepale, nikapokea komunyo baada ya miaka yote ile, watu wakanipa mkono kana kwamba sherehe ilikuwa yangu. Mimi nilikuwa nikiutazama uso ule.

Njiani kurudi nikakuuliza, "Yale maji, ulisikia nini?"

"Baridi," ukasema.

Niliamini unanificha. Niliendelea kuamini hivyo mpaka ulipougua. Ile wiki ya mwisho, ukiwa umeshapakwa mafuta ya wagonjwa na umetulia kuliko sisi tuliokuuguza, ulinishika mkono. "Siku ile padre aliponiuliza," ukasema, "nilitaka nikutazame wewe kwanza, kama nilivyozoea. Sikukutazama."

"Najua," nikakwambia. "Nilikuwa nakutazama."

Ukalala. Umekwenda tena mbele yangu, tena bila woga, nami nimebaki kwenye benchi.

Nikupe habari. Mume wa Zawadi ameanza ukatekumeni, na ameniomba mimi nimsimamie. Jumamosi iliyopita nilimsindikiza. Alitoka darasani, tukatembea mpaka juu kilimani, ndipo akasema, "Baba, hivi kweli Yesu alilia?" Nilimwonea wivu, Mama Zawadi, mzee mzima mimi, hata nikasimama nikajifanya napumzika.

Mwombee huyo kijana. Mwombee na Zawadi. Nami niombee lolote upendalo, isipokuwa wivu huu uniishe. Ndio unaonipandisha kanisani.

Mumeo,
Baba Zawadi