Kumutoa Mwenye Goti

Jumapili

Majirani hawaamini, lakini ni kweli: timu ya mwanangu ya muchezo wa kwenye simu, mimi njo najenga naye. Amuri wangu anachagua kwenye simu wachezaji wa basketi wa Amerika. Wakifunga kule, yeye anapata pointi hapa Kindu. Mutoto ana akili! Vijana wote wa avenue amewashinda.

Leo muchezaji wake wa kwanza aliumia goti. Amuri akataka kumungojea apone.

"Mutoe, baba," nikamuambia mbele ya majirani. "Kilema anakula nafasi ya bure."

Wakacheka, na mimi nikacheka. Amuri akamutoa. Halafu akalaza simu juu ya paja lake, lile ambalo vita iliacha bila mguu.

"Na mimi, mama?"

Nilikuwa bado ninacheka wakati aliuliza.