Kadi ya Baruti ya Shemeji Verlin

Noreen, shoga, hebu sikia haya.

Unamjua Verlin na ujuaji wake. Leo kaniletea kadi iliyoandikwa kipimo cha baruti, eti nikitumie kujaza upya maganda yangu ya risasi kabla msimu wa kuwinda kulungu haujafunguliwa Jumamosi.

Nikafungua vitabu vyangu viwili vya vipimo. Baruti ileile, kichwa cha risasi cha uzito uleule. Kipimo chake kimepita kikomo cha vitabu VYOTE VIWILI!

Namwuliza, anacheka. "Shem, hivyo vitabu vimeandikwa na wanasheria waoga. Hicho kipimo nakitumia miaka ishirini."

Miaka ishirini, na kadi mpya inang'aa, haina hata doa la mafuta!

Nikamwambia, haya, najaza ganda moja, twende nyuma ya ghala, upige wewe kwa bunduki yako.

Eti bega linamuuma.

Bega! Asubuhi kapasua kuni za gari zima!

"Verlin, hiki kipimo umewahi kukipiga?"

"Bado. Nimekitoa mtandaoni juzi. Nilitaka kwanza nione kwako itakuwaje."

Aone kwangu! Bunduki ikipasuka, mimi ndiye niliyeiegemeza shavuni, Noreen. SHAVUNI.