Amri ya Jana, Jina la Kesho

Mwalimu Tharsisi, mshauri wetu wa gazetini, shikamoo. Naomba unisaidie, maana nimeshika kalamu mara tatu na mara tatu nimeiweka chini, na leo nisipoandika sitaandika tena.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na tisa, kwetu ni Kagerankanda, lakini kazi yangu iko Dar es Salaam katika kampuni moja ya bima ya afya, ninakohudumia kompyuta kuu, yaani kompyuta moja yenye kimo cha kabati ambayo kwa ndani imegawanywa sehemu saba, na kila sehemu hufanya kazi kama kompyuta inayojitegemea, moja hujibu hospitali zinapouliza kama mgonjwa ana kadi hai, nyingine hutunza majalada, nyingine ni ya majaribio, na kazi yetu ni kuzifungua, kuzifunga na kuhamisha nguvu kutoka sehemu hii kwenda ile kadiri kazi inavyozidi. Kazi hiyo nilifundishwa na Mzee Ndihokubwayo wa Rungwe Mpya, na ndiye aliyeniombea nafasi, akamwambia mkuu wetu, "Huyu ni mwanangu," ingawa hatuna damu moja, ila yeye na marehemu baba walilima pamoja.

Mzee hufanya kila kitu kwa mkono. Kabla ya kufunga sehemu hugusa kioo cha kompyuta kwa kidole, husoma namba yake kwa sauti kama anayeita mahudhurio darasani, huiandika katika daftari, ndipo hubonyeza, na vijana wa ofisini humtania, "Mzee, unaibatiza au unaizima?" naye huwajibu, "Nyie chekeni, mimi sijawahi kuzika aliye hai." Mimi niliona tunachelewa, nikaandika programu ya kuzifungua na kuzifunga sehemu yenyewe, kwa saa na kwa mpangilio, nikikusudia kumwonyesha itakapokamilika, na kwa kuwa mimi sikuwa na ruhusa ya kuzifunga, nilitumia jina lake na nywila yake, ambayo alinipa wiki aliyougua nimshikie zamu, na alipopona sikumwambia kwamba bado naitumia, naye alidhani kazi ninazoruhusiwa nazifanya kwa mkono, akanisifu kwamba nina mkono mwepesi.

Mwalimu, tukiwa wawili tu huwa tunaongea Kirundi cha nyumbani, na katika programu sehemu nilizipa majina ya kwetu ili nisisahau. Sehemu ya nne, yenye mfumo wa zamani uliokuwa unaondolewa, niliiita EJO, nikiwa na maana ya jana, nikaandika amri kwamba siku ya kubadilisha mfumo, EJO ifungwe saa nne asubuhi. Lakini wewe unajua kwetu neno hilohilo ndilo jana na ndilo kesho, na anayesikiliza hutambua kwa maneno mengine yaliyosemwa. Wiki mbili baadaye nilikuwa namalizia orodha ya majina, na siku nzima tulikuwa tukizungumzia mfumo mpya ulioandaliwa katika sehemu ya tatu, mfumo wa ejo, wa kesho, na jina likabandikwa huko. Amri iliandikwa nikiwaza jana, jina likabandikwa nikiwaza kesho, na mashine haikuwa na wa kumuuliza. Jumanne ya mabadiliko, sehemu ya tatu ilianza kuhudumia hospitali zote saa kumi na mbili asubuhi, na saa nne kamili ikazimika. Ilichukua karibu saa tatu kuirudisha, na kwa muda huo wagonjwa walikuwa wanarudishwa, nikapokea simu ya muuguzi mmoja akifoka, "Dada, nimwambie nini huyu mama aliyebeba mtoto anayetetemeka? Nimwambie kompyuta imelala?"

Mzee alikuwa amekaa mbele ya kioo asubuhi ile. Wachunguzi walipofungua kumbukumbu za mashine walikuta jina lake, na alipoulizwa aliitazama mikono yake, akasema, "Huenda ni mimi. Vidole vimezeeka." Nami nikajikuta nimenyamaza. Kabla kompyuta yangu haijakaguliwa programu ikafutika, imebaki nakala moja kwenye flashi niliyo nayo hapa. Mzee alisimamishwa kazi, akarudi nyumbani kungoja kikao cha nidhamu tarehe kumi na nane mwezi huu, na amebakiza mwaka mmoja astaafu.

Nami nimekuja likizo. Jumapili iliyopita baada ya ibada mama alinishurutisha twende kumsalimu, tukamkuta anachambua maharage na mkewe, Mama Apoline, na aliponiona alisimama akawaambia majirani, "Mtazameni huyu, ndiye mashine ile inamtii. Mimi imenikataa." Mama akacheka, "Shemeji, kumbe na mashine zinapenda wasichana!" Wote wakacheka, nami nikacheka. Kisha Mzee akanivuta pembeni akanipa karatasi nne safi, akasema, "Mwana wanje, mwanangu, Kiswahili chako kimenyooka. Niandikie barua ya kukiri na kuomba radhi, mimi nitatia sahihi."

Nimeianza. Nimeandika, "Sehemu ya tatu ilizimika kutokana na makosa ya mkono wangu," na hapo nimekwama siku tatu. Nikisema ukweli nitafukuzwa, mama hatainua uso kanisani, na Mzee sijui atanitazamaje. Je, haifai niiandike barua yake vizuri sana, kwa maneno ya kugusa, wamhurumie wamsamehe, na jambo liishe?

Mwenye aibu, Kagerankanda

*

Binti yangu, marahaba.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza kama mshauri. Mara ya pili kama mwalimu aliyesahihisha insha za Kiswahili hapa Kibondo kwa miaka thelathini na minne, nikiwa na kalamu nyekundu. Kalamu imefanya kazi zaidi.

Barua yako haina kosa la tahajia. Kosa liko katika vitenzi. Ulipoandika programu, umesema "nikaandika". Ulipotumia nywila, umesema "nilitumia", na kwa hilo nakupongeza. Lakini tazama palipouma: jina "likabandikwa", sehemu "ikazimika", programu "ikafutika". Nani aliyebandika? Taa huzimika upepo ukivuma. Maandishi ya chaki hufutika mvua ikinyesha. Programu iliyokuwa katika kompyuta yako, kabla ya ukaguzi, haikufutika. Uliifuta. Na lile "nikajikuta nimenyamaza" ni baya kuliko yote, maana umejigawa watu wawili, mmoja ananyamaza na mwingine anamkuta. Hivyo ndivyo tunavyojificha, binti yangu: tunamwondoa mtenda katika sentensi, tukidhani ameondoka na katika jambo lenyewe.

Jambo jingine. Jina la mzee wa watu umeliandika wazi, na lako ukaliacha. Hata katika kuungama umemtanguliza yeye. Jina hilo nimelibadilisha kabla ya kuchapisha, na ya wengine pia.

Kuhusu neno la kwenu sikulaumu sana. Nimefundisha watoto wa nyumba za Kiha na za Kirundi, najua walivyoniandikia "jana nitakwenda". Watu wawili wanaokaa pamoja hawapotezani kwa neno hilo. Mashine haikai na mtu. Ulitaka ikufanyie kazi peke yake, kisha ukaipa neno ambalo mwenye kulisikia lazima akutazame usoni ndipo alielewe. Lilikuwa kosa la uzembe, na kosa la namna hiyo husameheka. Kumwacha mtu mzima aichukie mikono yake isiyo na hatia si uzembe. Umelifanya kila siku tangu Jumanne ile, na Jumapili ulilifanya ukicheka.

Sasa jibu la swali lako. Hapana. Barua hiyo usiiandike, wala kwa maneno ya kugusa wala kwa maneno makavu. Ukiiandika, utakuwa umemtilia mzee maneno ya uongo kinywani, kwa Kiswahili kile alichokisifu.

Jambo hili umelieleza wewe mwenyewe na hukulisikia: Mzee huyu huandika katika daftari kila anachokifunga. Basi fungueni daftari la Jumanne ile. Mstari wa saa nne haumo. Ameiamini kumbukumbu ya mashine kuliko mwandiko wake, kwa sababu haijampitia akilini kwamba wewe ungeweza kumficha kitu.

Nenda Rungwe Mpya kesho. Nasema kesho, ile inayofuata leo. Nenda na mama yako, na umweleze njiani, asije akalisikia kwa majirani. Ukifika, mrudishie mzee karatasi zake tatu safi. Ya nne umeshaiharibu, ichane. Mwambie habari yote ukiwa umesimama. Usilie hata akaacha maumivu yake akaanza kukubembeleza, maana ndivyo atakavyofanya. Usimwombe akusamehe siku hiyohiyo. Muda wa kukasirika ni haki yake. Akiuliza juu ya nywila, usimwambie kwamba naye alikosea kwa kukupa. Hilo analijua.

Kisha kata likizo, rudi kazini ukiwa na flashi na daftari lake akikupa, uingie kwa mkuu wako kabla ya tarehe kumi na nane. Wakikufukuza, utakuwa umefukuzwa kwa jina lako. Wakikubakiza, programu yako iandike upya, kwa kibali na mbele ya watu, na sehemu uziite kwa namba kama alivyokufundisha. Na kabla haijafunga chochote, iulize kwanza kama kuna aliye hai ndani. Mzee alikuwa akikuonyesha jambo hilo kila siku kwa kidole chake. Vijana walimcheka, na wewe ukaona anachelewesha.

Kuhusu mama yako kanisani: atainamisha uso majuma machache, kisha atauinua. Mke wa mzee ameshainamisha wake tangu mume aliporudishwa nyumbani, na hakuna aliyeniandikia kuniuliza habari zake.

Barua utaiandika, lakini iwe yako. Sentensi ya kwanza nakupa mimi, ina mtenda na ina kitenzi: "Mimi niliifunga sehemu ya tatu." Chini yake weka jina lako lote, kama lilivyo katika cheti cha ubatizo. Katikati andika mwenyewe, Kiswahili chako kimenyooka.

Mwalimu Tharsisi, Kibondo