Bango la Charisse

Shosti uko wapi?? Acha kila kitu usome hii.

Rommel, yule mwizi wa kazi zangu, leo kanywea mbele ya bosi. KANYWEA!

Si unajua lile bango la kumpongeza binti wa Tita Pacing, yule mama mteja wetu, kwa kufaulu mtihani wa unesi, nililitengeneza mimi? Rommel kaichukua picha ya bango kwenye grupu la ofisi, kamwambia bosi ni kazi yake. Picha ikipita kwenye grupu inafinywa mpaka inabaki makombo, na bango lenyewe refu kuliko geti la kina Tita. Nikamwacha achapishe hiyo hiyo.

Leo Tita kalirudisha, analia. "Wageni wanakuja kula jioni! Huyu ni Charisse wangu au vigae vya choo?" Uso mzima miraba, shosti. Miraba!

Rommel akaninong'oneza, "Analyn, dada yangu, nitumie ile halisi." Eti dada yangu!

Nikamtumia. Ila nimeifungia kwenye faili la zip lenye nywila. Bosi na Tita wamesimama nyuma ya kiti chake.

"Nywila gani?" Rommel akauliza.

Nikajibu kwa sauti, wote wasikie: "Jina la aliyetengeneza bango."

Akaandika rommel. Mbele yao! Likagoma.

Bosi akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Andika analyn."

Akaliandika kwa vidole vyake mwenyewe, herufi moja moja.

Likafunguka. Charisse anatabasamu, hadi kope unaziona. Uso wa Rommel ndio sikuuona, kauinamisha mpaka kwenye kibodi.